Siku ya Kiaisilandi mwaloni: namna ya kumsherehekea mshairi bila kuwachosha watu

Kabla ya kukodi viti, tazama mwezi. Tarehe haibadiliki, ni Novemba 16 kila mwaka, lakini mwaloni, pale mitumbwi yetu ya Ziwa Viktoria inapotia nanga, watu hawaendi na kalenda ya ukutani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani: taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikishika anga taa hazina kazi, mitumbwi inavutwa mchangani, vijana wanashona nyavu na kucheza drafti. Novemba 16 ikiangukia kwenye mbalamwezi, hadhira unayo. Ikiangukia kwenye giza, anza saa nane mchana na uwe umemaliza kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu baada ya hapo watanyanyuka kwenda majini hata kama mshairi mwenyewe amefufuka na amekaa pale mbele.

Mshairi huyo ni Jónas Hallgrímsson wa Aisilandi, aliyezaliwa Novemba 16, 1807. Tangu mwaka 1996 nchi yake inaiadhimisha siku hiyo kama Siku ya Lugha ya Kiaisilandi. Nilimjua nikiwa kule kwenye mafunzo ya uvuvi, yale yaliyokuwa ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, yaliyoanza Reykjavík mwaka 1998 na ambayo yamepitiwa na watu wa ziwa hili kutoka kwetu, Kenya na Uganda. Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa ubora wa samaki. Nilikwenda kusomea barafu, joto na bakteria. Siku hiyo mwalimu wetu wa usindikaji, mtu wa takwimu tupu, aliweka kando somo la barafu akasoma shairi kwa sauti mbele ya darasa la wageni wasioelewa hata neno moja, kisha akaendelea na barafu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Watu huniuliza: sisi na Kiaisilandi wapi na wapi? Nawajibu kwa hesabu. Nchi nzima ile haifiki watu laki nne. Ilemela peke yake, wilaya moja tu ya Mwanza, kwa sensa ya 2022, imevuka laki tano. Hao wachache wanasoma fizikia, wanatunga sheria, wanauza samaki na wanatukanana barabarani kwa lugha yao wenyewe, na kitu kipya kikishuka bandarini wanakaa wakakipa jina. Sisi ni wengi kuliko wao mara mamia. Sasa ingia duka lolote la vifaa vya uvuvi mjini usikie vitu vinavyoitwa.

Najua tuna Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Ni siku njema na siipingi. Ila ile ina fulana, mabango na meza kuu. Hii ya Novemba ninayokueleza ni ya kazi: mtu anakuja na kitu mkononi, anaondoka na jina lake.

Mgeni rasmi

Hapa kwetu huwezi kukusanya watu hamsini na kipaza sauti bila mtu kuuliza mgeni rasmi ni nani. Usishindane na hilo. Nenda mapema kwa mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, waeleze, waalike, kisha mpe mgeni rasmi shairi badala ya risala. Mwambie waziwazi: "Mheshimiwa, wewe ndiye utakayefungua, kwa kutusomea ubeti huu." Wengi hufurahi, kwa kuwa hotuba ingebidi waiandike. Karatasi aipate siku kadhaa kabla, akajizoeze nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Akisimama na kuanza na "itifaki imezingatiwa", mshereheshaji acheke kwa adabu na kumwonyesha karatasi.

Mmoja alituletea faili nene kwapani. Alipopewa shairi alilisoma mara mbili, ya pili bila kutazama chini, akarudi kukaa juu ya faili lake.

Kumsimulia Jónas

Msimulizi awe mmoja, asimame, asisome, na atumie dakika kumi. Usichague mwenye shahada. Mchague yule ambaye mechi ya Pamba Jiji akikusimulia Jumatatu unajuta hukwenda uwanjani.

Aanzie ziwani. Jónas alizaliwa Hraun, shamba lililo katika bonde la Öxnadalur kaskazini mwa nchi, na baba yake alikuwa mtu wa kanisa. Mwaka 1816, mtoto akiwa na miaka minane, baba alizama katika ziwa la Hraunsvatn, milimani juu ya shamba hilo. Mwaloni hakuna anayehitaji ufafanuzi hapo. Msimulizi apite moja kwa moja hadi Copenhagen, kwa kuwa Aisilandi ilikuwa chini ya Denmark na kijana akitaka chuo kikuu ilimbidi avuke bahari. Jónas alikwenda mwaka 1832 kusoma sheria, akaiacha, akageukia mambo ya viumbe, miamba na fasihi. Mwaka 1835 yeye na wenzake watatu, Brynjólfur Pétursson, Konráð Gíslason na Tómas Sæmundsson, wakaanzisha jarida la Fjölnir ili nchi yao isomewe kwa lugha yake, tena lugha iliyosafishwa. Mwaka uliofuata watu haohao wa Fjölnir wakatoa kijitabu cha kufundisha kuogelea, kilichotokana na cha Mdenmaki mmoja.

Hapa msimulizi apunguze mwendo. Mtoto aliyempoteza baba majini amekua, na miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo yeye na wenzake waliona vinafaa kusomwa kwa lugha ya nyumbani ni namna ya kutozama. Kisha awaulize waliokaa: nani anajua kuogelea? Wanyooshe mikono. Kwetu mikono huwa michache, vicheko vingi, na kuna mwaka kijana mmoja wa Ukara alijitolea kuwafundisha wenzake nyakati za mbalamwezi. Lile ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyotokea siku ile, na halikuwa kwenye ratiba.

Yaliyobaki yaende haraka. Kati ya 1839 na 1842 Jónas alizunguka nchi yake akichunguza miamba na volkano, afya ikizidi kudhoofika kwa baridi na mvua. Mwaka 1842 ikatoka tafsiri yake ya kitabu cha elimu ya nyota, na humo ndimo alimolazimika kufua maneno. Mei 1845, huko Copenhagen, aliteleza kwenye ngazi usiku akirudi chumbani, akavunjika mguu, jeraha likaoza, akafa Mei 26 akiwa na miaka 37. Mwaka 1946 mifupa yake ikarudishwa nyumbani na kuzikwa Þingvellir. Leo yumo kwenye noti ya krona 10,000. Msimulizi asiongeze chumvi kwenye kifo, ngazi zinatosha.

Kutaja jina lake

Fanyeni mazoezi ya matamshi, tena kwa pamoja, kwa kuwa yanachangamsha watu kuliko muziki. J yao ni yetu ya "yai", na ó ni o inayoishia kwenye u: Younas. Zile ll mbili husikika kama tl: Hatlgrimson. Mkazo siku zote uko kwenye silabi ya kwanza, kinyume na sisi tunaokaza ya pili kutoka mwisho. Herufi yao Þ ni th ya "thelathini", na ð ni dh ya "dhahabu". Wazungu wengi hizo huwashinda na sisi tunazo tayari. Basi tuseme wa pwani wanazo tayari. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaosema selasini na zahabu tutajitahidi.

Mshereheshaji asimwite "Bwana Hallgrímsson". Hilo si jina la ukoo, maana yake ni mwana wa Hallgrímur tu, na kule kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata waziri mkuu. Ukitaka Wasukuma waelewe kwa sekunde moja, wakumbushe Ng'wanamalundi, yule mganga wao mashuhuri wa zamani: ng'wana ni mwana.

Meza ya vitu visivyo na jina

Hii ndiyo sherehe yenyewe, ipe nusu ya muda wote.

Weka meza mahali ambapo kila mtu anaiona. Juu yake panga vitu vitano au sita ambavyo watu wa mwalo wanavitumia lakini wanaviita "ile mashine" au "kile kidude". Usilete vitu vya ofisini. Asiyekishika kitu kwa kazi yake hawezi kukipa jina litakalodumu, na ndiyo maana namheshimu Jónas: hakutunga maneno ili alikuze jina lake, alikuwa na kitabu cha nyota mezani na sentensi haisongi mbele bila neno la nguvu inayovuta sayari. Akaliweka aðdráttarafl, na mpaka leo ndilo neno lao la nguvu ya mvutano. Njia ya sayari, ule mduara uliobonyea, akaiita sporbaugur. Ndege pengwini, asiyepatikana Aisilandi, akamwita mörgæs, yaani bata bukini wa mafuta. Ukiwatajia watu hilo la mwisho watacheka, na wakishacheka wanajua kwamba kazi hii hata wao wanaiweza.

Waeleze njia mbili za kufua neno, kwa mifano yao wenyewe. Ya kwanza ni kuoanisha. Lile jani lililovamia ziwa letu na kuziba mialo, tuliliita gugumaji, gugu na maji, basi. Hiyo ndiyo njia ya mörgæs. Ya pili ni kuchukua neno la zamani na kulipa kazi mpya. Kizimba kilikuwa cha mshtakiwa na cha kuku. Leo ukisema vizimba Mwanza mtu anakuuliza umeweka vifaranga vya sato wangapi. Waaisilandi ni mafundi wa hiyo pia. Kompyuta wao huiita tölva, jina walilopata kwa kuunga neno la namba na la mwanamke mtabiri wa kale, na bibi mmoja wa Igombe aliposikia hivyo alisema basi hata yeye atainunua.

Kisha kuna maneno ambayo hakuna anayejua nani aliyaanzisha: mapanki (mifupa ya sangara inayobaki kiwandani), kayabo (samaki wa chumvi), mabondo (vibofu vya samaki), sado (kopo la kupimia). Yataje kwa heshima. Mtu asiyewahi kukanyaga mwaloni hawezi kuyafahamu, na bado mabilioni ya shilingi yamepita juu yake.

Sheria za meza ni tatu. Anayependekeza neno sharti akishike kitu mkononi. Neno lazima liingie kwenye sentensi ya kazini, siyo ya darasani. Na lazima lifaulu mtihani wa kupaza sauti: mtu mmoja akae mtumbwini injini ikiwa inanguruma, mwingine asimame nchi kavu, neno lipigiwe kelele, na wa nchi kavu alirudie kama alivyolisikia.

Nikuonyeshe lilivyokwenda moja. Kijana wa vizimba alileta kifaa chenye waya mrefu na kioo kidogo cha namba. Bibi mmoja mwanikaji wa dagaa, aliyekaa mbele na sado yake miguuni, akamwuliza, "Mjukuu wangu, hiyo inapima nini hasa?"

"Hewa, bibi. Ile samaki anayovuta akiwa ndani ya maji. Ikishuka usiku, asubuhi unakuta wanaelea."

Mwalimu mmoja akapendekeza kipimahewa. Bodaboda aliyekuwa amesimama nyuma, hata kofia ngumu hajavua, akapinga palepale: "Mwalimu, hewa ni ya tairi. Nikisikia kipimahewa mimi naleta geji." Watu wakamuunga mkono. Likaja kipimapumzi. Likaandikwa ubaoni. Likaja pia jicho la maji, lililokataliwa kwa sababu haliangalii, linahisi. Bibi alikuwa kimya muda wote huo anachambua mchanga kwenye dagaa, kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Kama gugu la maji ni gugumaji, pumzi ya maji si pumzimaji?"

Mjadala ukawa mkali. Mwalimu, na hapa alikuwa na haki yake, akasema pumzimaji ni kile kinachopimwa, siyo kifaa. Mwingine akauliza tutasema pumzimaji imeshuka au limeshuka, na dakika nyingi zikaishia kwenye ngeli. Niliziacha ziishie. Watu waliokuwa wakibishana kuhusu ngeli walikuwa wabeba mizigo wawili na muuza vocha, na wakafika kwenye "imeshuka" kwa kuwa pumzi ni "ya". Tukaenda kwenye mtihani. Kipimapumzi kilimezwa na injini. Wa nchi kavu alisikia "kipimo kizito". Pumzimaji imeshuka ilifika nzima. Ubaoni tukaandika: pumzimaji, kinachopimwa, kifaa ni kipimo cha pumzimaji mpaka mtu aje na zuri zaidi. Vijana wa vizimba wanalitumia. Kusanifu ni kazi ya BAKITA, ipo tangu 1967 na siiingilii; ila baraza likitaka kusanifu neno, kwanza liwepo mdomoni mwa mtu.

Vitu vitatu vikipata jina kwa jioni moja, mmefanya vizuri. Hata kimoja kinatosha.

Kutunga kwa herufi

Sisi tunajua vina na mizani. Ushairi wa Kiaisilandi una jambo jingine ambalo wameng'ang'ania tangu enzi za kale: herufi za kuanzia. Mistari huenda miwili miwili. Kwenye mstari wa kwanza maneno mawili yenye mkazo yaanze kwa konsonanti moja, na neno la kwanza lenye mkazo kwenye mstari wa pili lianze kwa hiyohiyo. Irabu zote huhesabiwa kuwa ni kitu kimoja. Jónas alileta soneti na tungo nyingine za kigeni nchini mwake, lakini herufi hizi hakuziacha.

Ukiwapa watu wetu zoezi hili weka sharti moja: herufi ya ngeli haihesabiwi. Bila hivyo ni mteremko mtupu, "watoto wadogo wanacheza, wazee wanawatazama", na kila mtu anajiona mshairi. Hesabu mzizi. Utaona jasho. Mvuvi mmoja, baada ya kukwangua karatasi kwa muda mrefu, alitoa hii:

Dagaa wa giza walilipa deni,
dau la mbalamwezi, bosi mlangoni.

Akapigiwa makofi, kisha akazomewa na wenzake kwa sababu hakuna dau ziwani, kuna mtumbwi. Alijibu kwamba mtumbwi hauanzi na d. Kwa ujumla mshairi aachiwe nafasi hiyo.

Kadi za salamu

Shairi la Jónas ninalolipenda ni soneti ya mwaka 1844, Ég bið að heilsa. Yuko Denmark, upepo wa kusini unavuma kuelekea kwao, naye anatuma salamu kwa ndege anayerudi bondeni: akimwona msichana mwenye kofia ya kishada chekundu, ndiye. Usilitafsiri jukwaani, lisimulie tu, kisha gawa kadi za salamu. Kizazi chetu hakihitaji kufundishwa. Tulijaza kadi za redioni mpaka vidole vikaingia wino, tukichagua wimbo na watu wa kusikiliza pamoja nao. Hapa badala ya mtangazaji kuna ndege. Kila mtu achague wake, mnandi, furukombe au yangeyange, aandike anakompeleka, Ukara, Kome, Musoma au Bukoba, na alama moja ya kumtambulisha anayesalimiwa. Alama moja tu. Hapo ndipo utamu ulipo, maana mtu akikatazwa kuandika "mrembo" na "mpenzi" inabidi akumbuke kitu alichokiona kweli. Kadi moja ilisema: utamjua, kandambili zake ni za rangi mbili. Nyingine: yule anayehesabu nauli kabla kivuko hakijafunga kamba.

Kadi zisomwe na mshereheshaji bila kutaja waliozituma. Watajulikana tu.

Watoto wasome

Novemba 16 shule za kule huanza matayarisho ya mashindano makubwa ya kusoma kwa sauti kwa watoto wa darasa la saba, wenye miaka kumi na miwili, na kilele huwa Machi. Wanafundishwa kusoma vizuri na kusikiliza vizuri. Kukariri hakuhusiki, wala hakuna maigizo ya mikono.

Kwetu chukua darasa la sita. Usiwaguse kidato cha nne, wana mtihani wa taifa mwezi huo, na mkuu wa shule atakufukuza kwa haki. Kila mtoto asome kipande cha nathari na shairi alilolichagua mwenyewe. Waamuzi wakae nyuma kabisa, siyo mbele, ili asiyesikika apoteze alama kwa kutosikika. Lafudhi ya Kisukuma au Kijita isimpunguzie mtu kitu. Zawadi yetu ya mshindi ni sado ya dagaa, na sijaona mzazi akiilalamikia.

Mshairi wetu

Jónas apate nusu ya kwanza, nusu ya pili iwe ya mtu wa hapa. Ushauri wangu ni umchague aliyegombana na wenzake. Mwaka 1837 Jónas aliandika kwenye Fjölnir uhakiki mkali dhidi ya tenzi za rímur za Sigurður Breiðfjörð, mshairi aliyependwa nchi nzima, na wengi hawakumsamehe. Sisi tuna Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na kufariki Januari 2020. Diwani yake ya Kichomi ilitoka mwaka 1974 na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanamapokeo wakamjia juu. Je, hayo ni mashairi au maneno yaliyokatwakatwa? Uliza swali hilo mwaloni leo na bado utapata kambi mbili. Lisome moja, kisha mwite mzee anayejua tarbia alijibu kwa tarbia. Mzee akikasirika kidogo, vizuri zaidi.

Ukiwa na muda mtaje na Aniceti Kitereza, wa Ukerewe vilevile, aliyeandika riwaya yake ndefu kwa Kikerewe miaka ya 1940 kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye akafariki 1981. Waliotoka Ukerewe wasome ukurasa mmoja kwa sauti. Hawahitaji kuombwa mara mbili.

Chakula, upepo na mengine

Kule wanapenda harðfiskur, samaki aliyekaushwa kwa upepo, anayeliwa na siagi. Nilileta kidogo, jirani yangu alitafuna akasema ni ngozi ya ngoma iliyotiwa chumvi. Wewe kaanga dagaa, weka na pilipili na ndimu. Skyr yao, maziwa mazito ya kuchachua, hapa tunayo bila kuagiza: maziwa mgando, na Wasukuma watakuletea mazuri kuliko ya dukani. Kahawa iwe nyingi na nyeusi.

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo msomaji alipe ziwa mgongo na sauti itabebwa hadi viti vya mwisho. Ukimgeuza, hata spika haitamsaidia. Karatasi zibandikwe kwenye boksi gumu. Novemba ni vuli, turubai liwe limefungwa kabla wingu halijaonekana. Jua likizama wadudu wa ziwani wataijia taa kwa maelfu, basi taa kubwa iweke mbali, upande usio na watu, na ya msomaji iwe ndogo. Jenereta lifichwe nyuma ya ukuta au lizimwe wakati wa kadi.

Ubao wenye maneno uache kwenye ofisi ya BMU, uandikwe kwa rangi, siyo chaki. Viti virudishe usiku uleule. Vikilala, mwenyewe anahesabu siku ya pili.